Pasca Alikuwa Anangoja Nini

Night Poni, fundi cherehani wa Koboko, hakuwa mtu wa kuamini watu hovyo. Ukimkaribisha chai, aliangalia kwanza kama na wewe unakunywa. Baba yake, askari mstaafu, alimlea akimwambia kwamba mtu akitembea nyuma yako, ujue anataka nini. Basi Pasca wa Arua alipomwomba ahamishie cherehani yake kwenye duka lake yeye Pasca, mtaani Awindiri, washone pamoja, Poni alisema atafikiri. Kufikiri kwenyewe kulikuwa kumchunguza Pasca mchezoni.

Walicheza mchezo wa hadithi na dadu Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa rafiki yao Ritah. Ritah alisimulia hadithi, na kila mchezaji alikuwa na mtu wake ndani yake: Poni mpiganaji wa panga, Pasca mwanamke wa mkuki, na Filda, fundi mwingine wa mjini asiye na duka, mpiga upinde. Mapigano yakianza, kila mmoja alirusha dadu na kujumlisha wepesi wa mtu wake, naye Ritah akarusha kwa niaba ya adui. Mwenye namba kubwa alitangulia, wengine wakafuata, na mpangilio ukabaki huohuo mpaka mapigano yaishe. Mwanzoni jambo hilo lilimuudhi Poni, maana kwao mkubwa ndiye huanza, na dadu haina adabu hiyo. Baadaye akazoea.

Kilichomnyima raha ni ruhusa moja. Aliyepata zamu ya mapema aliweza kuiahirisha, akaingia baada ya mwingine. Pasca alipata namba kubwa mara nyingi, na kila mara alisema atangoja Poni apite. Poni anakata kwa panga, adui anayumba, Pasca anammaliza kwa mkuki. Mara ya kwanza Poni alicheka na wenzake. Safari iliyofuata hakucheka. Aliona wazi kwamba anatolewa jasho ili mwenzake avune, na akajiuliza dukani itakuwaje. Yeye atashona usiku kucha, halafu wateja wamsifu Pasca?

Jumapili moja Ritah akawaletea nyati mweusi, mkubwa kama lori. Dadu zikaanguka: Pasca wa kwanza, Poni wa pili, nyati wa tatu, Filda wa mwisho. Pasca, kama kawaida yake, akasema anamngoja Poni.

Poni akakunja mikono, akasema na yeye anamngoja Pasca. Leo utajulikana, aliwaza, na roho yake ikaburudika kweli. Ritah akawakumbusha wote wawili kwamba wasipoingia sasa, zamu ni ya nyati. Pasca akamtazama Poni, akangoja. Poni akaangalia dari.

Nyati akaja. Pasca ndiye aliyekuwa karibu naye, na pembe moja ilitosha. Mwanamke wa mkuki, ambaye Pasca alikuwa naye tangu siku ya kwanza ya mchezo, akafa pale pale.

Pasca akauliza taratibu, "Dada Poni, wewe ulikuwa nangoja nini?"

"Nilitaka kuona wewe natafuta nini nyuma yangu."

Pasca hakukasirika, na hilo lilimuumiza Poni kuliko matusi. "Wewe na panga nafika karibu na adui sana," akasema. "Kama bado iko hai, zamu yake ikifika, yeye napiga wewe. Mimi nangojea wewe ukate, halafu namaliza yeye kabla hajapiga."

Poni akayapitia mapigano yote yaliyotangulia, moja baada ya jingine. Hakukumbuka hata moja ambalo adui alimgusa. Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akafungua mdomo aseme kwamba cherehani ataileta kesho asubuhi, hata kwa bodaboda.

Lakini Pasca alikuwa amekwisha kumgeukia Filda, anamuuliza kama bado anatafuta mahali pa kushonea.