Ikikolea Ndiyo Dawa

Mama yangu kitu kizuri alikipa sifa moja tu: kimekolea. Chai imekolea. Rangi ya kitenge imekolea. Moto wa mkaa ukishika, umekolea, na wachumba wakigandana, mapenzi yamekolea. Siku moja nikamwambia, Mama, hilo neno utalichosha. Akanijibu neno halichoki, unachoka wewe.

Aliuza chai na maandazi barazani kwetu Kipawa, ndege zikipita juu ya bati mpaka mnanyamaza kwanza zipite. Majani aliyatia kwa kiganja. Kijiko hakukitaka. "Kupima ni ubahili," alisema. Na kweli mafundi gereji walimfuata kwa chai ile, nyeusi, tangawizi inakata koo. Sikukuu ya Idi alinunua juisi nzito ya chupa, ya kuzimua na maji, naye aliizimua kidogo tu. Wageni wakakohoa, sie tukacheka. Siku hizo tulikuwaga tunacheka.

Dada yangu neno lake lilikuwa umakini. Alishona sare kwenye kiwanda kidogo huko Temeke, na sindano ya mashine ilishampita kidoleni, kwa hiyo alijua akili ikitoka kidogo tu kinatokea nini. Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyeanza kusimama kwa kushika stuli ya Mama. Baba wa mtoto alishaingia mitini. Mchana mtoto alibaki na bibi yake.

Mtoto akaanza kuharisha. Dada akampeleka kliniki, akarudi na pakiti za ile dawa ya chumvi na sukari inayokorogwa kwenye maji. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, akasimama mlangoni.

"Mama, pakiti moja, maji lita moja, yaliyochemka yakapoa. Chupa nimekuwekea mezani. Kuwa makini."

"Nimelea watano mie," Mama akasema. "Nenda, utachelewa."

Niliporudi mchana kula, mtoto alikuwa amepakatwa, anakunywa kwa pupa, mikono miwili imeshika kikombe. Akimaliza analia, anataka tena, na Mama anaingia jikoni kumkorogea tena. "Tazama anavyokunywa," akaniambia, uso umemchanua. "Dawa inamwingia."

Alasiri mtoto akanyamaza. Mama akamlaza kwenye mkeka, akamfunika khanga. Nilipotaka kumgusa akanizuia. "Muache, usingizi umekolea." Tukakaa. Kisha mkono wake mdogo ukaanza kurukaruka, na nilipomfunua macho yalikuwa yamegeukia juu. Mama akasema degedege. Nikakimbia barabarani kutafuta bajaji.

Dada alitukuta hospitali, nyuzi bado zimemganda kwenye blauzi. Daktari alikuwa kijana. Alimwamkia Mama shikamoo kwanza, ndipo akauliza ile dawa tulikoroga na maji kiasi gani. Mama akafungua mfuko wa nguo za mtoto, akatoa kikombe.

"Hiki. Pakiti mbili. Nilitaka ikolee, baba, mtoto apone upesi."

Daktari alikipokea kile kikombe. "Mama, pakiti moja ilitaka lita nzima," akasema. "Sasa chumvi imekolea kwenye damu yake. Alikuwa analia kwa kiu. Kila ulipompa, kiu iliongezeka."

Imekolea. Neno lile lile, na safari hii lilitoka kwa mtu aliyejua anachosema. Nililichukia palepale na hadi leo nalichukia. Dada hakulia wala hakumtazama Mama. Aliomba arudishiwe kikombe.

Mtoto hakufika asubuhi. Tulimzika, na majirani wakasema kazi ya Mungu haina makosa, wakaipika wao chai ya msiba. Matanga yalipoanuliwa, dada akahamia chumba cha kupanga karibu na kiwanda.

Mama alirudi barazani kwake, kwa sababu angekaa wapi. Ila sasa alinunua kijiko kidogo. Anachota majani, anapitisha kidole juu kuyasawazisha, yakizidi chembe anazirudisha koponi. Chai ikawa maji. Mafundi walivumilia kwa heshima ya msiba, halafu mmoja mmoja wakahamia kwa mama wa ng'ambo ya barabara. Nilimwambia aongeze majani. "Inatosha," akasema, na hakutaka tuliongelee tena.

Idi iliyofuata dada alikuja. Nilifurahi, sitaficha, nilidhani labda yamekwisha. Alimsalimia Mama vizuri, akaketi kwenye ile stuli. Mama akainuka haraka kumchemshia chai. Akafungua kopo, akachota, akapitisha kidole, akainua kijiko karibu na macho, akapunguza kidogo.

Dada alikuwa anamtazama muda wote huo.

"Kumbe unajua kupima, Mama," alisema. Alisema taratibu tu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Mama akamwaga majani ndani ya sufuria, akafunika, akasimama pale na kijiko mkononi akingoja maji yachemke.