Usiniambie Matokeo

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye metro, laini ya kijani, nikirudi nyumbani kutoka kazini Garhoud, simu iliponitetemekea mfukoni. Nikaitoa. Ilikuwa imeniletea, bila kuombwa, matokeo ya mechi ya raga niliyokuwa nairekodi nyumbani ili nikaitazame nikishakula. Wiki nzima naisubiri, halafu najua nani kashinda hata viatu sijavua! Niliichukia simu ile, rafiki yangu, kama mtu anavyomchukia jirani mmbeya.

Treni ilikuwa inaingia Al Qusais. Nikashuka, ingawa siishi tena huko, nikaenda hadi kwenye jengo nililokulia. Limepakwa rangi nyingine, na ghorofani kwetu sasa wanakaa wafanyakazi wa kampuni fulani; kandambili zao zimejaa mlangoni. Nilisimama kando ya barabara nikimkumbuka mtu mmoja ambaye angeielewa hasira yangu.

Novemba watu wa Dubai hufungua madirisha na kuipumzisha AC. Kwetu ulikuwa mwezi wa raga, timu za taifa za kusini mwa dunia zinapofunga safari kwenda kucheza Ulaya kila Jumamosi. Si kwamba tulikuwa wapenzi wa mchezo huo. Baba ni mtu wa Mombasa, kazi yake ilikuwa kupakiza mizigo bandarini Hamriya, na mpira anaoujua yeye ni wa duara. Raga tuliletewa na jirani, askari wa hoteli kutoka Kakamega, ambaye sote watoto tulimwita Anko. Aliicheza shuleni, na aliishabikia Afrika Kusini kama vile ameizaa yeye. Chumbani kwao walilala wengi na televisheni hawakuwa nayo. Sisi tulikuwa nayo, tena na king'amuzi cha kurekodi.

Shida yake ni kwamba Jumamosi jioni, mechi zikichezwa, yeye alikuwa zamu mlangoni pa hoteli yenye baa iliyojaa mashabiki. Aliona kila kitu isipokuwa mechi. Kwa hiyo Baba alimrekodia, naye akaja kuitazama Jumapili mchana, nikishatoka shule, maana siku hizo mapumziko ya Dubai yalikuwa Ijumaa na Jumamosi. Alitaka jambo moja tu: aitazame bila kujua nani kashinda.

Ungedhani hilo ni dogo. Hotelini alijaza pamba masikioni chini ya kofia, mpaka madam mmoja akamshtaki kwa meneja kwamba askari ana kiburi, haitiki salamu. Mashabiki wakitoka, aliwafungulia mlango huku akitazama viatu vyao, kwa kuwa nyuso zingemwambia. Na bado aliambiwa! Akivuka salama usiku mzima, muuza duka wa chini alimngoja asubuhi na mkate wake: "Rafiq, Afrika khalas, imekwisha!" Anko alirudi ngazini bila mkate, kichwa chini.

Lakini aliyekuwa mbaya kuliko wote ni Bibi, na maskini hakusema neno. Jumamosi alikaa nami mbele ya televisheni akimenya vitunguu saumu, akilalamika kila mara, "Watu wazima hao, wanagombea yai ambalo hata halipikiki." Afrika Kusini wakishindwa, kesho yake Anko aliwekewa mahamri yaliyovimba vizuri zaidi, mbaazi za nazi hadi ukingoni mwa bakuli, na Bibi akamtazama kwa macho ya msibani. Anko aliitazama sahani, akaisukuma polepole.

"Mama, tumepigwa?"

"Mimi nimesema nini? Kula, mwanangu."

Nilikuwa nikilia kwa hasira. Mimi niliyeyajua matokeo tangu jana nimeuma meno, shuleni sikumwambia mtu, halafu mbaazi zinayatangaza.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya msimu, ambayo kwa Anko ilikuwa ya mwisho Dubai. Kampuni haikumpa mkataba mwingine, na ndege ilikuwa jioni hiyo. Safari hii tulijipanga. Baba alimnunulia mkate mwenyewe ili asikanyage dukani. Bibi alijifungia jikoni kwa hiari yake, akawa anapitisha sahani mlangoni, unaona mkono tu. Na Anko, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliketi hajui kitu. Alipiga kelele kila skramu, wachezaji wakisukumana, alisimama juu ya zulia, alimkemea refa wa jana. Sijapata kumwona mtu mzima mwenye raha vile.

Timu yake ilikuwa nyuma kidogo, inasukuma karibu kabisa na mstari, dakika zimekwisha. Picha ikakatika. Majeruhi waliirefusha mechi, na king'amuzi kilifuata saa kilizopangiwa. Chini, teksi ikapiga honi.

Nilifungua mdomo. Anko akaniwekea kiganja mbele ya uso.

"Usiniambie! Nitaitafuta nyumbani. Wewe nitunzie hayo matokeo mpaka nikuulize."

Nikayatunza. Kila Novemba tangu hapo alinipigia kwa kabambe yake, simu ndogo ya vitufe. "Bado unayo?" Nikasema ninayo. "Usiniambie," akajibu, kisha tukaongea mahindi yake, shule yangu, baadaye kazi yangu, na mwaka ule Bibi alipofariki tukaongea muda mrefu mno.

Basi Jumamosi iliyopita, chini ya jengo lile, nilichoka. Nilichoka na simu isiyojua kunyamaza, na siri niliyoibeba tangu utotoni. Nikampigia mimi. "Anko, leo nakuambia."

Akanitajia matokeo yenyewe, kamili.

"Nisamehe, mwanangu. Dereva wa teksi alikuwa anasikiliza redio. Hata hatukuwa tumefika uwanja wa ndege."

Hebu fikiria! Shule nzima, kazi nzima, nimebeba kitu ambacho dereva wa teksi alishakitupa pale Garhoud. Nilimfokea, mtu mzima yule, pale pale barabarani. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ningekuwa nakupigia nikuulize nini?"

Bibi hayupo, Baba karudi Mombasa, sebule yetu ina vitanda vya watu nisiowajua, na sasa hata ile siri nimeimaliza kwa mdomo wangu. Anko akaniuliza kama joto limepungua. Nikamwambia limepungua. Nilisikia kwamba anatafuta namna ya kuaga, nikaumia.

"Na leo Afrika Kusini walicheza," nikasema haraka. "Matokeo ninayo."

"Unayo?"

"Ninayo. Sikuambii."

Nikamsikia anacheka.

"Basi yatunze," akasema. "Nitakuuliza."