Kiapo cha Hester

Shangazi Ozella Gaither aliwapikia wanafunzi wa shule yetu chakula cha mchana kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu hakukaa barazani kama wenzake. Alinunua miwani mipya, madaftari manne na penseli, akaanza kuwatafuta wafu. Alinunua penseli kwa sababu kalamu ya wino hairuhusiwi katika chumba cha kumbukumbu cha mahakama ya kaunti, hapa kwetu Alabama. Mimi nimemwoa mpwa wake, na kwa kuwa macho ya shangazi yalikuwa yameanza kuiogopa barabara kuu, nilimpeleka kila Jumanne. Kazi yangu ilikuwa kumshushia vitabu vizito kutoka rafuni, na hiyo naiweza.

Alikuwa na deni moja, nalo halikuwa la fedha. Mama yake alimtaka aahidi, wiki ile aliyokufa, kwamba kaburi la Hester litapata jiwe. Hesabu ya ukoo wetu inaanzia kwa Hester. Prince alikuwa mwanawe, Prince akapata watoto kumi na mmoja, na hao ndio sisi. Kaburi la Hester liko nyuma ya kanisa. Limepandwa yuka, mmea wenye majani ya miiba, na juu yake kuna vipande vya kikombe cha buluu, kile alichonywea mara ya mwisho, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wetu. Jina hakuna.

Mwaka huu ukoo ulikubali jiwe lisimikwe Agosti, siku ya mkutano wetu. Fundi alitaka maneno kufikia Ijumaa. Ozella alikuwa nayo tayari: "Hester, mama yake Prince." Ushahidi wake ulikuwa sensa ya mwaka 1870, ya kwanza kuwaandika watu wetu wote kwa majina, baada ya utumwa. Nyumba moja, watu wawili: Hester, miaka arobaini, Prince, miaka tisa.

Jumanne moja, zikiwa zimebaki siku kumi, alitaka tu kuhakikisha umri wa Hester. Nilimshushia kitabu cha mirathi cha mwaka 1862. Bwana aliyewamiliki kama watumwa alikuwa amekufa na mali yake imeorodheshwa. Baada ya nyumbu na kabla ya masufuria pameandikwa: "Judy na mtoto Prince." Mistari sita chini yake: "Hester, mpishi." Peke yake. Na kila mwanamke mwenye mtoto aliandikwa naye mstari mmoja.

Ozella akavua miwani. "Soma wewe, mwanangu."

Nikasoma. Ilikuwa ni vilevile.

"Sensa ile haikuuliza nani ni nani wa nani," alisema. "Iliuliza nani analala humo ndani. Nimewakanya kanisa zima, msidhani kila aliye chini ya paa ni mtoto wa mwenye nyumba. Halafu nimeanguka mimi."

Jumapili, baada ya ibada, alimweleza binamu yake Thurman, mwenyekiti wa kamati ya mkutano. Tulikuwa ukumbini na sahani zetu za kambare wa kukaanga.

"Kwa hiyo dada," Thurman alisema, "miaka yote hii tunavaa fulana za mkutano zenye jina la jirani?"

"Meza kwanza huo mkate wa mahindi, ndio uongee."

"Nameza. Jiwe liandikwe Judy."

"Kaburi la Judy liko wapi?"

"Sijui."

"Basi utalisimika wapi? Juu ya lori lako?"

Watu wakacheka. Thurman hakucheka. "Sina ubaya na Hester. Lakini ni wewe uliyetufundisha, Ozella. Hakuna karatasi, hakuna ukoo. Au sheria hiyo ilikuwa yetu sisi tu?"

Ozella aliirudisha sahani yake jikoni ikiwa imejaa.

Alhamisi aliniomba nimpeleke mjini, kwenye maktaba kubwa. Huko wana barua zilizopigwa picha kwenye filamu, za ofisi ya serikali iliyowashughulikia watu wetu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, walipoachwa huru. Alizungusha gurudumu la mashine tangu asubuhi. Saa tisa mkono ukasimama.

Ilikuwa barua ya ofisa, Februari 1867. Mahakama ilikuwa imemkabidhi mtoto Prince, yatima, kwa jamaa za bwana wake wa zamani, awafanyie kazi mpaka atimize miaka ishirini na moja. Ndivyo walivyowafanya yatima wetu siku zile. Ofisa akaandika: "Mwanamke aitwaye Hester amekuja kwa miguu, maili ishirini na mbili. Anasema mtoto si yatima. Ameapa kwamba yeye ndiye mama yake." Chini palikuwa na alama ya msalaba, kwa kuwa hakujua kuandika. Pembeni, kwa mkono mwingine: "Mtoto arudishwe kwa mama yake."

"Kadanganya," Ozella alisema polepole. "Kaidanganya serikali, mchana kweupe." Akaanza kucheka, hata mtu wa maktaba akageuka kututazama. Kisha akalia, nami nikaenda kumtafutia maji ingawa hakuyaomba.

Tulipofika kwenye gari simu ikalia. Alikuwa Thurman.

"Fundi ananisumbua, dada. Judy au Hester?"

"Hester, mama yake Prince. Kama nilivyoandika."

"Lakini karatasi..."

"Karatasi ninayo mkobani. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa ofisa, akaapa, na serikali ikampa mtoto. Angenyamaza, Prince angekulia mikononi mwa watu wale. Sasa wewe, Thurman, unataka kumfanya mwongo akiwa kaburini?"

Thurman akakohoa. "Maili ngapi, umesema?"

"Sijasema bado. Ishirini na mbili. Mwezi wa Februari."

"Na Judy je?"

"Mwambie fundi aache nafasi chini. Bado namtafuta."

Agosti, Thurman mwenyewe ndiye aliyechimba mahali pa jiwe. Alichimba kwa mwiko mdogo, asije akaikata mizizi ya yuka, na vipande vya kikombe akavirudisha kimoja kimoja mahali pake. Chini ya jina la Hester jiwe ni tupu.

Jumanne iliyofuata nilimkuta shangazi amesimama njiani, mkoba begani, penseli zimeshachongwa.

"Umechelewa," akaniambia.