Zaituni wa Gotini

Utotoni mwangu, pale Kondoa, niliamini kwamba maumivu ya viungo yana mwenyewe, na mwenyewe wa maumivu ya bibi yangu nilimjua kwa jina. Aliitwa Zaituni binti Rajabu. Alikuwa mke mwenza wa bibi, na nyumba yake ilitazamana na yetu.

Bibi yangu, Mwajuma binti Salimu, alivimba magoti na vidole. Leo daktari angesema ni baridi yabisi. Siku zile tulikwenda kwa mganga, Omari bin Jumaa, naye akapokea kuku wetu na kusema kuna mkono wa mtu. Ugonjwa ule umetumwa, na utarudi kwa aliyeutuma, ila kwa sharti moja.

"Usijikande, Bi Mwajuma. Usiulee. Ukiukanda umeupokea, umekuwa wako."

Mama yangu, Asha, alipomletea maji ya moto na kitambaa, bibi aliyasukuma. "Unataka nimpunguzie yule mwanamke? Naufuga mzima, autwae mzima!" Hakutembea, hakujinyoosha. Alikaa mkekani mlangoni akiitazama nyumba ya pili, akingoja. Maumivu yenyewe aliyaita Zaituni. "Leo Zaituni kanikalia gotini," alikuwa akisema, nasi wajukuu hatukuthubutu kucheka. Miguu ikakauka, mpaka akawa wa kubebwa kwenda chooni.

Kisha jambo likatimia. Kipupwe kilipoingia, Bi Zaituni naye akavimba magoti. Bibi alinituma nikachungulie.

"Anachechemea mguu gani?"

"Yote, bibi."

"Alhamdulillahi."

Tulingoja sasa bibi asimame. Hakusimama. Maumivu yalikuwa yamefika kwa mwenyewe, na kwetu hayakuondoka.

Bi Zaituni hakuwa na sharti la mtu yeyote. Kila asubuhi alijikanda barazani kwake, kisha akashika bakora na kujikokota hadi sokoni. Alipita mbele ya mlango wetu makusudi.

"Mke mwenzangu, hujambo? Bado umeatamia huo mkeka? Vifaranga vinatoka lini?"

"Pita zako! Unachechemea kama mbuzi aliyeangukiwa na mtumba."

"Nachechemea, lakini nakwenda. Nikuletee nini sokoni, mama wa kubebwa?"

Bibi aligeuza kichwa kuelekea ndani. Kisha akaita, kwa sauti ile aliyoitumia kuamuru kuku achinjwe, "Asha! Bandika maji."

Alijikanda huku akilia na kutukana. "Haya, nimekupokea, mbwa wewe," aliliambia goti. "Lakini aliyekutuma nitampita." Alianza kwa kushika ukuta, akafika barazani, hatimaye akafika sokoni. Alijua mwenyewe lini apumzike na lini ajilazimishe. Hakuna aliyemfundisha ila chuki. Wakawa wanapishana njiani, kila mmoja na bakora yake, wakitukanana kwa adabu.

Bi Zaituni alitangulia kufa. Bibi alikwenda msibani kwa miguu yake, akakaa katikati ya wafiwa akiwa amenyoosha mgongo, ili waone. Asubuhi iliyofuata mama alibandika maji kama kawaida. Bibi akayaangalia mpaka yakapoa.

"Sasa nitembee nimwonyeshe nani?"

Hakutoka tena.

Siku hizi naishi Dodoma, na magoti yanayouma ni yangu. Muuguzi kijana amenionyesha mazoezi, akaniuliza, "Babu, uko tayari kuyafanya mwenyewe nyumbani?" Nilimjibu kwamba niko tayari, na sikumdanganya. Ila sikumweleza ninachofanya ninapoinuka kitandani. Nalitamka jina la Omari bin Jumaa, aliyekula kuku wetu na kumkalisha bibi yangu mkekani, kisha nakunja goti mpaka lilie.

Amekwisha kufa zamani. Watu wema wananishauri nimsamehe. Nawashukuru, na ninajihadhari sana nisimsamehe.