Muuguzi Aliniambia "Weka mu Frigo"

Admin, ficha jina langu, maana hapa Kamembe tunajuana mpaka kwa kamambili za miguuni. Nina miaka arobaini na mitatu, ni Muislamu, mama wa batoto batatu. Bwana wangu ni fundi wa kuchomelea milango, mimi nauzia samaki na barafu nyumbani. Musinitukane kabla ya kumaliza kusoma. Mukimaliza, tukaneni tu, sitajibu.

Kazi yangu inategemea konjelateri, lile sanduku refu la kugandisha linalofunguliwa kwa juu. Lakini kwetu nani anapoteza pumzi kusema konjelateri? Kila kitu chenye baridi ni frigo. Cha kusimama frigo, cha kulala frigo. Yangu ilitoka Bukavu imelazwa ubavu mu gari, nikaiacha isimame siku nzima bila kuiwasha ili mafuta ya mota yashuke. Nikaipandisha juu ya mbao, mbali na ukuta ipate kupumua, nikaiwekea regilateri yake kwa sababu ya umeme wa kurukaruka. Barafu ikinenepa nazima, naiacha iyeyuke yenyewe. Muntu akiigusa na kisu, siku hiyo tunagombana. Umeme ukikatika, hakuna kufungua. Bwana wangu alikuwa ananicheka: "Ungenitunza mimi hivyo, ningekuwa mnene." Bamama ba mtaa balikuja kuniuliza mambo ya frigo, nami nikajibu kama daktari. Kiburi kilinijaa, nakubali.

Mwaka jana mama mkwe wangu alitoka Rwimbogo kuja kukaa kwetu, anaumwa sukari. Yule mama alinipenda. Alikuwa ananiita "mwanangu", si "mke wa mwanangu". Muuguzi wa kituo cha afya akanipa zile chupa ndogo za sindano, akanifundisha kudunga, akasema: "Maman, hii dawa utaiweka mu frigo, isipate joto." Nikasema ndiyo, frigo ninayo. Nikamuona hata amefurahi.

Nikaziweka chini kabisa, pale penye baridi kali kuliko pote, nikazifunga mu kitambaa safi zisinuke samaki. Hiyo ndiyo heshima niliyomupa mama mkwe. Asubuhi natoa moja imekuwa jiwe, naiyeyusha mu kiganja, nikiona vipande vyeupe ndani natikisa, namudunga. Jioni vilevile. Wallahi sikukosa hata siku moja.

Akaanza kiu isiyokwisha. Anakunywa, anakojoa, anakunywa. Akakonda, akatapika. Nilimupeleka hospitali amechelewa. Mu njia alinishika mkono akasema, "Mwanangu, Mungu akulipe kwa vile umenitunza." Alifariki Ijumaa, watu bakitoka msikitini.

Hapo njo bandugu ba bwana wangu balisema ni karuho, ile sumu ambayo huku kwetu muntu akikonda ghafla inatajwa kabla ya ugonjwa wowote. Na nani alimupa? Wifi yangu hakufikiri hata dakika: "Ni ule uji wa Maman Neema!" Maman Neema ni jirani yetu, mjane wa Bukavu, anauza uji pale parking kwa bamotari, wale ba pikipiki. Siku chache kabla mama mkwe hajazidiwa, alimuletea uji wa mtama bila sukari. Alikuja na wema wake, masikini.

Mimi nilikuwa bado sijui kilichomuua. Kisha wiki ya tano baada ya maziko nikapeleka mtoto mwenye kikohozi kituoni, nikamusikia muuguzi yuleyule anamwambia mzee mmoja mwenye chupa kama zile: "Mzee, frigo, lakini isigande! Ikiganda imekufa, unaitupa." Nikauliza polepole, "Hata ikiyeyuka?" Akageuka: "Hata ikiyeyuka, maman. Ni kama kujidunga maji."

Tangu siku ile sina raha. Mota ya frigo ikishika mchana niko peke yangu, nasikia vile mama mkwe alikuwa anapumua mu ile wiki ya mwisho, nazima redio ili nisikilize vizuri, kama mwehu. Chupa moja bado imo chini ya samaki. Sijathubutu kuitoa, na barafu sijaiyeyusha tena, imeifunika. Bwana wangu anauliza kwa nini nimeacha kusafisha. Kila akiwaambia wageni "mke wangu alimutunza mama yangu," natoka nje.

Na Maman Neema? Bamotari hawanywi tena uji wake. Batoto banakatazwa kumusalimia. Mwenye nyumba anataka atoke. Juzi alinikuta kwenye robine nachota maji akaniambia, "Asante, Mama. Wewe peke yako haujanigeuka." Nilibeba bidoni yangu nusu, nikakimbia.

Sasa Jumamosi familia itakaa na mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa wetu, kwa ajili ya ule uji. Bwana wangu amesema: "Wewe njo ulikuwa mu nyumba ule mchana wa uji. Useme tu kile uliona, hakuna kingine." Kile niliona ni hiki: Maman Neema alimimina ule uji mu vikombe viwili. Kimoja cha mama mkwe, kimoja changu. Nilimaliza changu nikapangusa kikombe na kidole, ulikuwa mtamu hata bila sukari. Hakuna aliyeniuliza mpaka leo, nami sikusema.

Nikisema kuhusu kikombe, bwana wangu atauliza: basi mama yangu aliuawa na nini? Na mimi kumudanganya usoni siwezi. Ninamujua, anaweza kunisamehe vitu vyote, lakini mama yake?

Ndugu zangu, munishauri, na munishauri mbiombio. Leo asubuhi nimemuona Maman Neema anafunga masufuria yake mu shuka.