Dawa ya Kukonda Ukweni

Watu wa kwetu Mbozi walikuwa wanakwenda hospitali ili wapone, warudi na mwili.

Mke wangu alikwenda, akapewa vidonge vya kukonda.

Msicheke kwanza. Mwaka huo ulikuwa 1952, Mwingereza bado anatutawala, na mimi Boazi nilikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja.

Mke wangu aliitwa Ketrina. Alikuwa mnene hasa. Na mimi nilikuwa naringa naye, kwa sababu kwetu mke akinenepa, sifa ni ya mume. Watu wanajua ghala lina mahindi.

Lakini alikuwa na uvimbe tumboni. Akipanda kilima kidogo tu, pumzi inakata, anakaa chini palepale njiani.

Nikampeleka hospitali ya misheni. Daktari mzungu akampima, akamsikiliza moyo muda mrefu sana. Kisha akasema na dresa wake, yule msaidizi wa kufunga vidonda na kugawa dawa, na dresa akatugeuzia maneno.

"Uvimbe utatolewa. Ila kwa mwili huu na moyo huu, akilazwa kwenye kisu haamki. Apungue ratili arobaini kwanza."

Akatupa kopo la vidonge. Kimoja kila asubuhi, miezi mitatu.

"Na ugali ale nusu."

Ketrina akanigeukia. "Baba Lwitiko, hospitali gani hii inatibu watu kwa njaa?"

Nilicheka. Dresa hakucheka.

Dresa huyo aliitwa Osward. Mtu wa kwetu kabisa, lakini akishavaa kaptula ya kaki hakumjua mtu. Akanipa kadi yenye vyumba vyumba.

"Kidonge kimoja, alama moja. Mkirudi nahesabu alama, nahesabu na vidonge. Visipolingana, jina la mkeo nalifuta kwenye orodha ya kupasuliwa. Wanaosubiri ni wengi."

"Sasa bwana dresa, ikitokea..."

"Usiniletee ikitokea hapa. Mwingine apite!"

Basi. Ndiyo mafundisho yote tuliyopata.

Kadi niliitunza mimi, maana nilisoma mpaka darasa la pili, na Ketrina hakusoma. Wala haikunisumbua. Ilifanana na kipande.

Nyie wa leo hamjui kipande. Ilikuwa kadi ya kibarua, siku thelathini za kazi. Ukifanya kazi, nyapara anakuchorea alama. Ukiumwa, chumba kinabaki kitupu, na kipande kisipojaa mshahara huuoni. Lakini ilikuwepo njia. Ukipona, unafanya kazi ya watu wawili kwa siku moja, nyapara anakuchorea alama mbili. Tuliita kulipiza. Mimi nilishalipiza hata kazi tatu kwa siku, mgongo ukalia, kipande kikajaa.

Shikeni hilo la kulipiza.

Miezi miwili ilikwenda vizuri. Kila asubuhi nilimpa kidonge na maji, nachora alama. Wanawake kisimani wakaanza maneno.

"Mama Lwitiko, mumeo ghala amemwachia panya?"

"Nakonda niishi," Ketrina akawajibu. "Nyie nenepeni, tutakutana makaburini."

Akapungua ratili ishirini na nane. Alianza kupanda kilima bila kukaa. Jioni moja alipanda, akageuka juu kule, akanipungia mkono kama msichana. Mimi machozi yakanitoka.

Zilibaki ratili kumi na mbili.

Ndipo ikaja habari kwamba baba yake amefariki. Kwao ni upande wa pili wa mpaka, mbele ya Tunduma, kwa Wanamwanga wa Rhodesia. Huwezi kumwambia mtu asiende kumlilia baba yake kwa sababu ya kadi. Nikatia kopo na kadi mfukoni mwa koti, tukapanda lori la magunia mpaka Tunduma.

Mpakani askari akanipekua, akatikisa kopo.

"Dawa ya nini?"

"Ya kukonda."

Akawaita wenzake. "Njooni mwone! Sisi tunatafuta posho, huyu ananunua njaa!"

Walicheka mpaka mmoja akavua kofia. Ketrina, na msiba wake, akacheka pia. Tukavuka. Siku ya tatu tangu tutoke nyumbani tukafika ukweni, na hakuna hata alama moja niliyoruka.

Kumbe shida ilikuwa mbele.

Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe. Ukimwona njiani unaingia porini. Nyumbani kwake huingii, jina lake hulitaji. Miaka saba ya ndoa, sikuwahi kusikia sauti ya mama yule ikiniambia neno. Ndiyo heshima yenyewe.

Ketrina akaingia ndani kwa mama yake kulia na wanawake. Mimi nikabaki uani na wanaume. Na kopo nimebaki nalo mimi, mfukoni.

Asubuhi nikamwita Elina, mdogo wake Ketrina. "Shemeji, mpelekee dada yako kidonge hiki."

Akarudi upesi, kidonge bado kiko mkononi.

"Shemeji, wazee wamekataa. Kitu cha mkwe hakiingii nyumba yenye msiba mpaka matanga yaanuliwe."

"Ni dawa hii, Elina."

"Ndiyo wamekataa zaidi. Wamemwona dada alivyokonda. Wanasema unamlisha nini."

Nifanye nini? Nikaze sauti kwenye msiba wa baba mkwe? Nikakirudisha kidonge koponi. Siku ya kwanza chumba kitupu. Ya pili. Ya tatu. Kila asubuhi natoa kadi, natazama, narudisha mfukoni. Sikuyaona matanga. Nilikuwa namwona Osward na peni yake, anachora mstari juu ya jina la mke wangu.

Ndani kule walimpikia. Akanitumia Elina na salamu: "Mwambie baba Lwitiko nimekula nikashiba. Asinikasirikie."

Sikumkasirikia. Niliogopa tu.

Matanga yakaanuliwa siku ya tisa, asubuhi. Nikahesabu vidonge. Siku nane zilizopita, na cha siku hiyo. Tisa. Nikavifunga kwenye kitambaa, nikampa Elina.

"Mwambie ameze."

Elina akaenda, akarudi mlangoni.

"Dada anauliza, vyote?"

Wenzangu, aliuliza. Mke wangu aliuliza.

"Vyote," nikasema. "Mwambie tunalipiza, kadi isiharibike."

Nikatoa penseli, nikachora alama tisa, zote ndani ya chumba cha siku hiyo. Hesabu ya kadi ikalingana. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Kabla jua halijafika utosini, Elina akaja mbio. "Shemeji, dada anatetemeka. Jasho linamtoka kama amemwagiwa maji. Anasema moyo unamkimbia."

"Mpeni maji."

"Tumempa."

Nikasimama karibu na mlango. Nikasikia pumzi yake kutoka nje, fupi fupi, kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Nikasikia akiita, "Baba Lwitiko."

Na mimi nimesimama nje. Mkwe haingii.

Akaita mara ya pili.

Nikaingia. Watu wa nyuma yangu wakapiga kelele, sikujali. Mama mkwe alikuwa amemlaza Ketrina mapajani. Hakukimbia, hakujifunika uso. Ketrina alinishika mkono, vidole vyake vya moto, akataka kusema neno, pumzi ikakataa. Ikakataa moja kwa moja.

Mama mkwe akaniangalia machoni. Likawa ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu nimwoe binti yake.

"Mwanangu, umempa nini?"

"Dawa ya hospitali, mama."

Tukamzika kando ya baba yake. Nikarudi Mbozi nina hasira ya kuua mtu. Nikaenda moja kwa moja hospitali, nikamtupia Osward kopo na kadi mezani.

"Mmeniulia mke! Vidonge vyenu hivi!"

Daktari akatoka kusikia kelele. Alikuwa anasema Kiswahili cha kuokota okota. Akachukua kadi, akaisoma, kidole chake kikasimama.

"Siku moja, tisa? Kwa nini?"

"Tulilipiza siku zilizokosekana."

Akakaa chini. "Siku imepotea, acha. Kesho kimoja tu. Hakuna lipiza. Nani alisema lipiza?"

"Kadi isipojaa jina linafutwa!"

"Jina? Jina gani linafutwa?"

Akamgeukia Osward. Osward akaangalia sakafu.

"Nilisema vile ili watie bidii, bwana daktari."

Sharti lile halikuwa la hospitali. Lilikuwa lake mwenyewe, la mdomoni, la kututisha.

Daktari alimfokea. Mwezi uliofuata nilimkuta palepale, kaptula ileile, anagawa dawa. Wakubwa hawafukuzani kwa ajili ya mke wa kibarua.

Watu wote nimewaambia kwamba hospitali ilimuua Ketrina. Mama mkwe naye, mpaka anaingia kaburini, aliamini hivyo. Alikuwa akiniita mwanangu, ananionea huruma, ananitumia karanga.

Elina peke yake ndiye aliyejua neno "vyote" lilitoka kinywani mwa nani. Hakulisema popote. Na mimi sikulisema mpaka leo.

Osward nitamlaumu mpaka nife, na waliomweka pale pia. Mtu akikupa dawa na akakunyima nafasi ya kuuliza, amekupa nusu tu. Lakini nyie mnaosafiri na dawa za wapendwa wenu, ulizeni ile siku ikikosekana mfanyeje. Mgawa dawa akikunja uso, ulizeni tena. Akiwafukuza, simameni mlangoni muulize kutoka hapo.

Mke wangu ambaye hakusoma aliuliza. Mimi wa darasa la pili ndiye niliyemjibu.