Mpira wa Dirisha la Pijo

Mzee Aikaeli wa Mwika, jirani yangu, ni mpole mpaka uguse Pijo lake. Ni gari la zamani la rangi ya maziwa, naye huliosha mara nyingi kuliko anavyooga mwenyewe.

Mwaka huu mipira ya madirisha ilikauka ikapasuka. Mwingine angetafuta fundi. Yeye aliipaka mafuta ya ng'ombe, yale tunayopaka watoto wachanga, akiamini kilainishacho ngozi kitalainisha na mpira. Panya wakamshukuru. Kulipokucha, kioo cha nyuma kilikuwa kinacheza kwenye fremu, mpira wote umeliwa.

Masika nayo yalikuwa yameanza, na Jumamosi Doris, kitinda mimba wake, anaolewa. Aikaeli alikuwa ameapa kumpeleka kanisani kwa Pijo hilo, wala si jingine.

Tukamwita Kornelia, fundi wa Njoro. Alikagua, akatikisa kichwa. "Mzee, mpira huu madukani haupo. Labda utoe kwenye gari kama hili."

Gari kama hilo lilikuwepo, limekufa kwenye banda la Filemon, mdogo wake Aikaeli. Tatizo ni kwamba Filemon alishaacha hata kumwamkia kaka yake. Waligombania mpaka wa kihamba, shamba la urithi, yaani ile safu ya masale kati ya migomba yao, kila mmoja akidai imeota kwake.

Kwetu anayetaka suluhu hupeleka jani la sale, na si rahisi kulikataa. Aikaeli alichuma moja, akaenda. Mimi nikafuata nyuma, umbea haulipiwi.

Filemon alikuwa akikamua ng'ombe. Alilitazama jani bila kulipokea.

"Umeniletea sale kwa sababu ya mpira wa dirisha?"

"Kwa sababu ya Doris."

"Umelichuma wapi?"

"Mpakani."

"Kwangu au kwako?"

Aikaeli aliligeuza jani mkononi. Nilimwonea huruma kweli.

"Kwako. Masale yote ni yako."

Filemon aliweka ndoo chini, akafuta mikono, akalipokea jani. "Shikamoo, kaka," alisema.

Kornelia aliuchomoa ule mpira taratibu, akaupaka maji ya sabuni, akakivalisha kioo kwa kuuvuta kwa kamba. Ukakaa vizuri.

Jumamosi mvua ilimwagika njia nzima. Doris alikaa nyuma, mkavu na shela lake. Mbele, Aikaeli alikuwa akiendesha huku akijifuta mashavu.

"Dirisha linavuja," alisema.

"Acha uongo, kaka," Filemon alimjibu kando yake. "Mpira ule ni wangu, hauvuji."